Tahadhari: Muuzaji wa skrubu “zinazojishikilia” amenidanganya

Meza yetu ya kunyanyulia mizigo, inayopandishwa kwa skrubu inayozungushwa kwa umeme, imeporomoka, na naona haya kueleza sababu, kwa kuwa ni mimi niliyemcheka mwenzangu alipopendekeza tuifunge breki.

Nilikuwa nimepandisha kilo 80 hadi usawa wa kifua, nikazima umeme mbele ya watu ili waone jinsi skrubu inavyojishikilia, yaani isivyozungushwa nyuma na mzigo. Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha nikaiona ncha ya skrubu ikianza kuzunguka yenyewe kinyumenyume, taratibu, halafu kwa kasi iliyonifanya niruke kando, na meza ikatua kwa kishindo kilichoipinda miguu miwili. Hakuna aliyeumia, lakini sekunde chache kabla mkono wangu ulikuwa chini ya meza hiyo nikionesha nati.

Msinihesabu mjinga. Muuzaji aliifunga skrubu hiyohiyo kwenye mota yenye giaboksi (kisanduku cha gia za kupunguza kasi), akatundika kilo 5, akazima umeme, nao mzigo ukatulia tuli. Akaniapia kwamba skrubu yoyote ya chuma yenye nati ya shaba nyeusi haihitaji breki, na kwamba hii yake ina kasi, haili nguvu na ufanisi wake unazidi asilimia 60. Nimekuja kutambua kwamba kilichoshika zile kilo 5 ni ugumu wa giaboksi kuzungushwa kinyume, wala si skrubu.

Skrubu hujishikilia pale tu mwinamo wa hesi zake (mistari iliyochongwa kuizunguka) unapokuwa mdogo kuliko pembe ya msuguano, yaani mwinamo ambao kitu huanza kuteleza chenyewe, ambayo kwa chuma chenye grisi juu ya shaba nyeusi ni kama digrii 6 hadi 9. Yangu, yenye kipenyo cha milimita 20, husogeza nati milimita 16 kwa mzunguko mmoja, yaani mwinamo wa karibu digrii 16. Ingesogeza milimita 4, mwinamo ungekuwa digrii 4 hivi. Anayeuza skrubu kila siku hawezi kudai kwamba hakulijua hilo, na kwa hiyo nasema huyu si mzembe bali ni tapeli, anayestahili kushtakiwa, kurudisha fedha yote na kuzuiwa kuuza hata msumari.

Mnaotaka kununua, tazameni ncha ya skrubu: yangu ina hesi nne zinazoanza pamoja, ndiyo maana husogeza nati mbali hivyo kwa mzunguko mmoja, nami sikuzihesabu. Tena skrubu inayojishikilia haifiki ufanisi wa asilimia 50, hivyo ahadi zake mbili zilikuwa zinapingana masikioni mwangu. Hata ya hesi moja huweza kushuka ikitikiswa. Breki tumekwisha kuiagiza.

Nilipomlalamikia alijibu kwamba nilizidisha grisi, kisha akanifungia mawasiliano. Tangazo lake bado lipo, na neno “inajishikilia” ameliandika kwa herufi kubwa.