Uzoefu wangu na kliniki ya pamoja ya waliokatwa mkono

Nimekatwa mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Kabla ya kufika kliniki hii nilikuwa kama mpira: daktari wa upasuaji anasema kidonda kimepona, nenda kwa fundi wa viungo bandia, fundi anasema kigutu bado kimevimba, rudi kwa daktari. Hapa wote wanakaa chumba kimoja, nami nimo.

Faida yake niliiona siku ya kujaribu soketi, yaani kikombe cha mkono bandia kinachoingia kigutu, ile ya mwanzo ya plastiki inayoonyesha ngozi. Nikasema nikikunja kiwiko inanichoma. Fundi alikuwa keshanyanyua kalamu aweke alama ya pa kukwangua. Daktari akamwambia aivue kwanza, akabonyeza kigutu kwa kidole, nikaruka kama niliyepigwa shoti. Kumbe ncha ya neva imeota kinundu. Wakabishana mbele yangu, kisha fundi akaacha nafasi pale pale penye kinundu. Peke yake angekwangua upande mwingine kabisa.

Mimi nilitaka mkono wa umeme, ule unaosoma misuli kupitia ngozi. Mtaalamu wa tiba kazi hakunikatalia, aliuliza tu kazi zangu za kila siku. Nyingi ni za maji na vumbi. Nilijaribu yote miwili, nikachukua ndoano ya waya inayovutwa kwa bega. Haina sura, lakini kamba ikikaza begani najua nimeshika kwa nguvu kiasi gani. Ule wa umeme ulinilazimu kukodoa macho muda wote.

Kwa maumivu ya vidole visivyokuwepo walinipa dawa na mazoezi ya kioo: unatazama taswira ya mkono mzima kana kwamba ndio ule uliokatwa. Mimi yamenipunguzia. Mwenzangu wa kliniki hayakumsaidia kitu. Mkono wa kushoto nao wanaukagua, maana sasa ndio unaobeba kila kitu.

Kasoro zipo. Mshauri nasaha aliletwa mwishoni, wakati usiku wa mwanzo ndio nilimhitaji zaidi. Mmoja wao akikosekana, kikao kinaahirishwa, na siku nzima imekwenda.

Nyota nne. Ukienda, usivae fulana kuwarahisishia. Vaa shati la vifungo, wakuone unavyohangaika nalo.