TAHADHARI: Anayetangaza "mashine ya kusaga vichaka" Arusha na Moshi, mimi kaniletea tingatinga

Habari zenu wadau. Jambo hili nimelikalia wiki sita kwa aibu. Jana binamu yangu wa Himo kanitumia tangazo, ananiuliza, "Dada, hawa unawaonaje?" Nafungua, video ni ileile iliyoninasa mimi. Nikaona aibu basi, niandike.

Nina ekari tatu Kisongo, tuliachiwa na baba, na kwa uvivu wetu tukaliacha shamba lilale karibu miaka tisa. Mnajua shamba la kule likilala linavyokuwa: lantana imekupita kimo, oltepesi (migunga) wachanga wana miiba ya kutoboa tairi, njia ya kuingilia yenyewe huioni. Vijana wa panga na shoka waliniambia kazi ni wiki tatu, na visiki hawagusi. Katika kutafuta njia nyingine ndipo nikakutana na huyu bwana.

Mashine yenyewe si uongo, niwe mkweli. Ipo duniani. Ni ngoma nzito ya chuma yenye meno, hufungwa mbele ya mtambo mdogo wa minyororo, au kwenye mkono wa eskaveta, au nyuma ya trekta kubwa. Ngoma inazunguka kwa kasi, inasaga kichaka kikiwa kimesimama vilevile, shina na matawi, kisha vipande vinabaki hapohapo chini kama matandazo. Hakuna kuchoma, hakuna kusomba, na udongo haukwanguliwi. Hilo la udongo ndilo lililoniingiza mjini. Udongo wetu Kisongo ni mwepesi, ukiuacha uchi mvua moja tu inaupeleka korongoni.

Akanitajia laki saba kwa ekari. Nusu mbele, yaani milioni moja na elfu hamsini, ukiongeza laki mbili ya lobedi, lile tela la kubebea mitambo. Nilipotaka kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikampigia. "Ni mke wangu huyo dada, laini yangu mimi imejaa, haipokei tena." Nikaweka namba ya siri. Imejaa! Na mimi kazi yangu ni uhasibu.

Siku ya kwanza lobedi ikawa imeharibikia Usa River. Ya pili wanasubiri dizeli. Ya tatu, kwenye saa nne asubuhi, lobedi ikafika kweli, na juu yake tingatinga. La zamani, rangi imebabuka, bledi mbele pana kama ukuta wa banda. Nikauliza ngoma yenye meno iko wapi. Opareta ni kijana mpole tu, akanipa shikamoo, akasema, "Mama, mimi nimekodiwa kwa saa. Nimeambiwa nisukume." Nikampigia mwenye tangazo. "Dada yangu usiwe na wasiwasi, kazi ni ileile, hii tena ndiyo kubwa zaidi."

Hapo nilitakiwa kusimamisha kila kitu. Sikusimamisha, na kosa hilo ni langu. Niliona lobedi imeshafika, hela imeshatoka, nikajipa moyo.

Kwa saa tano lilisukuma kila kilichokuwepo. Vichaka, ndiyo. Lakini pia oltepesi wawili wakubwa niliosema wabaki kwa ajili ya kivuli, na udongo wote wa juu, ule mweusi wenye rutuba, karibu shibiri nzima. Vyote vikarundikwa mpakani kama kichuguu, mizizi inaangalia mbinguni. Mzee jirani yangu alisimama na fimbo yake akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu, "Sasa mama, hapa utapanda nini?" Sikuwa na jibu. Jioni mtendaji wa kijiji naye akafika kuuliza kibali cha kukata miti. Yule bwana alikuwa ameniandikia kabisa "kibali niachie mimi". Nikapiga, simu haipokelewi. Baadaye ukaingia ujumbe: malizia salio, la sivyo mtambo hautoki shambani kwako.

Mtambo ulitoka. Kumbe hata mwenye tingatinga alikuwa hajalipwa, alikuja kulichukua ana hasira kunishinda mimi.

Wiki mbili baadaye mvua ikapiga siku mbili mfululizo. Sasa nina mfereji wa kina cha goti katikati ya shamba. Na palipobaki tambarare limeota gugu karoti. Ambao hamlijui, ni lile lenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe vidogo, liliripotiwa hapa Arusha mwaka 2010 na linapenda sana ardhi iliyo wazi. Linawasha ngozi, linabana kifua, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Siwezi kuapa kwamba mbegu zililetwa na minyororo ya tingatinga, ila lilishuka kwenye lobedi na tope kavu la huko lilikotoka, na shambani kwangu gugu hilo halikuwepo.

Aliyegundua kilichokuwa wazi tangu mwanzo ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. Aliitazama video mara moja. "Mama mdogo, mbona hii pikapu inapita upande wa kulia wa barabara? Na usukani uko kushoto." Ni kweli. Nyuma ya mashine kuna pikapu nyekundu inapita kulia, na miti iliyozunguka ni misonobari mitupu. Video ya nchi za watu, mimi nikaambiwa ni kazi waliyoifanya Boma Ng'ombe mwezi uliopita.

Nilikwenda pia kwa fundi mmoja wa mitambo pale mtaa wa Unga Limited, ameshika mitambo miaka mingi. Hakunicheka, namshukuru. Aliniuliza swali moja: "Alikuuliza habari za mawe?" Hakuuliza. Akasema mwenye mashine hiyo kweli lazima aulize mawe, maana meno ya ile ngoma ni ghali na jiwe linayang'oa. Atauliza kama kuna waya wa uzio wa zamani uliofukiwa na majani, kwa kuwa unajisokota kwenye ngoma. Atauliza miti minene kiasi gani, mteremko ukoje, na nyumba ya jirani iko umbali gani, kwa sababu vipande vinarushwa mbali kama risasi na hakuna mtu anayeruhusiwa kusogea. Na atataka kuja kuliona shamba kabla ya kutaja bei. Wangu aliuliza mawili tu: ekari ngapi, na hela unatuma lini.

Tena aliniahidi vichaka "havitarudi tena". Fundi akasema hata mashine ya kweli inasaga kilicho juu, mizizi inabaki ardhini, kwa hiyo lantana itachipua na utaifuata kwa jembe. Anayekuahidi kinyume chake muulize mizizi anaipeleka wapi.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa. Jina la kampuni alilonitajia nimelitafuta kwa wasajili wa kampuni, BRELA, halipo, jambo ambalo lingenichukua dakika tano kabla ya kutuma hela. Nimeshafungua RB polisi, namba yake nimeiripoti mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Mtandao wa simu wameniambia hela ilitolewa kwa wakala ndani ya saa ileile. Sina matumaini makubwa.

Namba hapa siiweki, kwa sababu ameshabadilisha, na hii mpya anayoitumia sasa inawezekana ni laini ya mtu asiye na habari. Jina la biashara nalo amebadilisha. Video hajabadilisha. Ukiona mashine ya njano kwenye misonobari, na pikapu nyekundu inapita kulia kwenye sekunde za mwanzo, nitumie tangazo inboksi kabla hujatuma hata mia, nilipeleke kwa afande anayeshughulikia jalada langu. Na kama kuna mtu wa Kisongo au Monduli anayejua kujaza mfereji kabla masika hayajakolea, naomba anipigie, huyo nitamlipa kazi ikiisha.