Rangi ya kufufua uso wa jiko la gesi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ujumbe mnaonitumia siku hizi ni uleule: "Dada, nimepaka jiko rangi ya moto, mwezi haujaisha inabanduka pembeni." Pembeni, jamani, si katikati kwenye moto. Hapo ndipo penye siri, na wauzaji hawaigusi.

Kila mnunuzi huuliza kopo linahimili nyuzi ngapi. Uliza rangi inakomaaje, yaani inashikaje ikawa ngumu moja kwa moja. Rangi nyingi za moto zina silikoni: kukauka zinakauka, ila hazikomai mpaka zipate joto kali. Ukiwasha bana, pale moto unapotokea, eneo linaloizunguka linaiva, kingo za jiko zinabaki vuguvugu tu. Rangi ya huko kingoni inakaa mbichi miezi yote. Mafuta ya kukaangia yakirukia, ukasugua kwa stilwaya, imeondoka.

1. Rust-Oleum High Heat, nyeusi isiyong'aa. Hii ndiyo yangu na sifichi mapenzi. Inahimili mpaka nyuzi 649 za Selsiasi, lakini siipendei hilo. Naipendea kwa kuwa inakauka kabisa kwa hewa ndani ya saa 24, haingoji kuokwa, kwa hiyo kingo nazo zinapata haki yao. Toa mafuta yote kwa sabuni na maji ya moto, piga msasa, kisha puliza nyembamba nyembamba, usimwage. Vyuma vya kuwekea sufuria na bana zenyewe usiziguse. Si rangi ya mahali panapolambwa na moto wala panapogusa chakula. Na mtungi uutoe kabisa kabla hujaanza, maana hiyo spreyi inawaka.

2. VHT FlameProof. Kwa namba inawafunika wote: nyuzi 1,093. Tatizo inataka kuokwa kwa awamu, kuanzia nyuzi 120 hivi mpaka zaidi ya 300, ikipoa kati ya awamu na awamu. Oveni nyingi za majumbani zinaishia 250. Ukimpelekea fundi bodi wa magari, oveni yake ina joto dogo kuliko hata la kwako. Kwenye ekzosi inafaa sana, kwa sababu injini inaioka yenyewe. Kwenye jiko, utalipia namba usiyoifikia.

3. Rust-Oleum Appliance Epoxy, nyeupe. Ngumu, inang'aa, inafutika vizuri. Ni rangi ya friji, kwa hiyo ubavuni mwa jiko tu, juu isipande.

Silva ya ekzosi isiyo na jina: paka jiko la mkaa, tuendelee.

Kuna na wale wanaouza "enameli ya kurudishia". Enameli ya kiwandani ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma kwa nyuzi 800 hivi. Kopo gani litarudisha hiyo sebuleni kwako?

Sasa bei. Kariakoo kopo lilelile, maduka yanayotazamana, bei mbalimbali, na ukivaa vizuri inapanda tena. Hilo nimeshalizoea. Kinachonichefua ni stika ya bei kubandikwa juu ya maelekezo, pale pale penye mstari wa jinsi rangi inavyokomaa. Kuna duka nilikuta rangi ya kawaida ya gari, kizibo kimeandikwa kwa kalamu "ya moto". Siku hizi stika naibandua hapo hapo kaunta, nasoma mpaka mwisho, ndipo nafungua pochi. Muuzaji akinuna, anune.