Mkebe wa hisabati wa Kariakoo: kagua bikari kwanza

Mikebe ya hisabati inayopangwa Kariakoo, kwenye meza za Wamachinga na kwenye stesheneri za jumla, kwa nje inafanana. Ni bati lenye picha, na ndani yake mna rula ya sentimita 15, protrakta, zile pembetatu mbili za plastiki, divaida, kifutio, kichongeo na bikari. Muuzaji atakuhesabia kimoja kimoja kukuonyesha vilivyo vingi. Mwache ahesabu, wewe chukua bikari.

Ubovu wa bikari za bei ya chini uko kwenye bawaba. Miguu imeshikwa kwa ribiti isiyokazika, kwa hiyo ikilegea ndiyo imelegea. Mwanafunzi akikandamiza penseli, mguu unasogea kidogo bila yeye kuona. Milimita moja si kitu? Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 5, kisha kwa upana uleule tembeza bikari ukingoni mwa duara, alama baada ya alama. Kila hatua ni nyuzi 60, hivyo ya sita lazima iangukie pale ulipoanzia. Sasa tuseme baada ya kuchora duara bikari imefunguka hadi 5.1. Kila hatua inakuwa kama nyuzi 61.3, hatua sita zinafika karibu nyuzi 368, na alama ya mwisho inapita ya kwanza kwa milimita 7 hivi. Mchoro wa pembesita umeharibika, na hatua zote zilifuatwa vizuri tu.

Jaribio hilo fanya pale pale dukani, karatasi na penseli vinatosha. Muuzaji akinuna, maduka Kariakoo ni mengi.

Bikari ya kununua ni ile yenye skrubu juu ya bawaba, unayoweza kuikaza hata kwa ukingo wa sarafu. Zipo pia zenye kigurudumu katikati ya miguu; hizo hazifunguki mpaka ukizungushe, na kwa kazi ya kugawa pembe hatujaona za kuzizidi, ila zinachosha unapotoka duara dogo kwenda kubwa. Angalia na kishikio cha penseli. Kikiwa cha plastiki, nyuzi za skrubu yake huliwa upesi na penseli inaanza kucheza. Tumia penseli fupi iliyochongwa kweli, na sindano iwe ndefu kidogo tu kuliko ncha ya penseli ili izame kwenye karatasi wakati penseli inagusa.

Protrakta nyingi zinafaa, lakini mstari wa sifuri mara nyingi hauko kwenye ukingo wa plastiki, uko juu yake kidogo. Anayeweka ukingo kwenye mstari anakosa kabla hajaanza. Kuikagua: chora mstari, weka nukta katikati, pima nyuzi 90 utie alama, kisha ipindue protrakta uso chini, upime tena 90 kwenye nukta ileile. Alama zikipishana kwa nyuzi 2, kosa la protrakta ni nyuzi 1. Epuka zile ambazo namba zake zimepakwa juu tu, kwa sababu zinafutika mkobani.

Pembetatu za plastiki hukaguliwa kwa 6, 8, 10. Chora AB ya sentimita 8. Kutoka A piga tao la 6, kutoka B tao la 10, yakutane C. Kwa kuwa 36 + 64 = 100, pembe A ni mraba. Ingiza kona ya plastiki hapo: ikiacha mwanya, irudishe.

Rula inaonekana haina makosa mpaka ufike kwenye grafu. Chukua 2x + y = 7 na x − y = 2. Kwa mlinganyo wa kwanza weka (1, 5), (2, 3) na (4, −1). Kwa wa pili (2, 0), (4, 2) na (5, 3). Nukta mbili zinatosha kuchora mstari, ya tatu ni ya ukaguzi. Rula iliyopinda itaiacha nukta ya tatu nje, na mwanafunzi atarudi kufuta jedwali lililokuwa sahihi. Ikiwa imenyooka, mistari inakatana (3, 1). Thibitisha: 2 × 3 + 1 = 7, na 3 − 1 = 2. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kizio 1, penseli butu yenye mstari wa milimita moja imeshakula sehemu ya kumi ya kizio, hivyo kichongeo cha mkebe kinachovunja risasi kitupe.

Divaida wengi hawaigusi. Karatasi ya fomula iliyomo ndani ya mkebe itoe kabla ya chumba cha mtihani.

Kama bajeti inabana, nunua bikari nzuri peke yake, vingine vichukue vya rejareja. Na usingoje Januari shule zinapofunguliwa. Siku hizo hakuna muuzaji atakayekuvumilia uchore duara kwenye kaunta yake.