TAHADHARI kwa Waswahili wa Minneapolis na vitongoji vyake: anayeuza plastiki ya madirisha, msimpe hela wala karatasi zenu

Jamani ndugu zangu mlioko huku Minnesota, naomba msome hii mpaka mwisho, na kama una mama au mzee nyumbani ambaye Kiingereza kinampa shida basi msomee, maana hao ndio anaowatafuta.

Kuna jamaa anazunguka kwenye apatimenti zetu, anaongea Kiswahili kizuri kabisa, mkubwa anampa shikamoo, anakuuliza kwenu wapi, anakwambia na yeye alipofika hapa winta ya kwanza alilala na jaketi, yani dakika tano ushamwona ndugu yako. Anasema anauza na kufunga plastiki ya madirisha kuzuia baridi. Mimi alinipata mwezi wa 11. Watoto wangu wawili wanalala chumba ambacho dirisha lake ukisogeza mkono kwenye fremu unasikia kabisa upepo unapita, na bili ya gesi ya Januari iliyopita ilitutoa machozi mimi na mume wangu, kwa hiyo alivyogonga mlango niliona kama Mungu kamleta.

Maneno yake yalikuwa hivi, yashikeni kwa sababu anayarudia yale yale kwa kila mtu. Eti plastiki yake ni ya "nano", haipatikani madukani, inapunguza bili kwa asilimia 70, dirisha moja dola 80, na hela yote serikali inakurudishia baada ya wiki sita, wewe mpe tu picha ya kadi yako ya Social Security na bili ya gesi akuandikishe. Madirisha yangu manane, dola 640. Nikamtumia kwa Zelle, ile ya kutuma hela kwa simu kutoka benki, palepale, na picha za karatasi nikampa. Risiti hakuna, akasema itakuja kwa imeili.

Kazi aliifanya kwa saa moja. Kumbe ile plastiki ni ile nyembamba ya kufunikia makochi mtu akipaka rangi ukuta, hata haivutiki ukiipiga joto, na teipu ni ya kahawia ya kufungia maboksi. Wiki ya pili upande mmoja umeachia, hewa ya ndani inapita nyuma ya plastiki inakutana na kioo cha baridi, maji yanatiririka mpaka kwenye kizingiti, ukungu mweusi ukaanza kuota. Nilipobandua teipu ikatoka na rangi ya fremu, na mwenye nyumba ameshaniambia atakata kwenye dipoziti yangu. Hayo yote ningeyameza, lakini chumba cha watoto alipiga vibao kwa skrubu kuzunguka dirisha lote ili plastiki "isitoke kabisa". Nilikuwa sijaelewa mpaka jirani yangu, mama mmoja wa Kikongo, alipoingia akashika kichwa: dada, moto ukiwaka hawa watoto watatokea wapi? Chumba cha kulala lazima kibaki na dirisha linalofunguka mtu atoke. Nililia siku ile. Tulizitoa skrubu usiku uleule, na nakuombeni kama alikufungia hivyo usingoje kesho.

Na mama huyohuyo ndiye aliyenipeleka hadiwea nikaona kwa macho yangu. Boksi zima la plastiki halisi ya madirisha, na teipu yake ya gundi pande mbili ndani, la madirisha kama matano, ni kati ya dola 15 na 25. Mabox mawili yangetosha nyumba yangu yote.

Hiyo asilimia 70 nayo ni uongo mtupu. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema joto linalopita madirishani ni asilimia 25 hadi 30 ya nishati inayotumika kupasha na kupooza nyumba. Sasa hata ungeziba madirisha yako yote kwa ukuta wa matofali, hiyo 70 ingetoka wapi? Plastiki inasaidia kweli, inazuia upepo na inashika hewa iliyotulia kati yake na kioo, chumba unakisikia tofauti, ila haifanyi miujiza.

Kuhusu serikali kurudisha hela, sikilizeni vizuri. Msaada wa kweli wa kuziba nyumba isipitishe baridi upo, unaitwa Weatherization Assistance Program, upo tangu 1976, na ukikubaliwa kwa kipato chako hulipi kwanza ndio urudishiwe, kazi inafanywa bure. Hauletwi na mtu wa kugonga mlango anayetaka Zelle. Upo na wa kusaidia bili za joto, Energy Assistance. Piga 211 tu, sema Swahili, omba mkalimani, watakuelekeza ofisi ya eneo lako. Na anayekutisha kwamba usiponunua leo utakatiwa joto anakudanganya, Minnesota kuna Cold Weather Rule, sheria ya kukukinga usikatiwe joto wakati wa baridi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, ila lazima wewe mwenyewe upige simu kampuni ya gesi au umeme mpatane malipo na uyafuate, usikae kimya.

Kama umemlipa siku hizi mbili tatu, wahi. Sheria ya nchi hii inakupa hadi saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi kuvunja mauziano yaliyofanyika nyumbani kwako ya kuanzia dola 25, na muuzaji anatakiwa akupe fomu ya kuvunja. Andika barua, weka nakala, ripoti ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Benki yangu waliniambia Zelle niliituma mwenyewe kwa hiari kwa hiyo hairudi, lakini wewe jaribu. Na kama ulimpa Social Security namba, hilo ndilo la haraka kuliko hela: funga kredito yako, yani mtu asiweze kukopa kwa jina lako, kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, ni bure, kisha ingia IdentityTheft.gov. Mimi nilichelewa siku kumi na moja na tayari kuna mtu alishajaribu kufungua laini ya simu kwa jina langu.

Kufunga plastiki mwenyewe si kazi. Futa fremu mpaka ikauke kabisa, teipu haishiki penye unyevu wala penye baridi kali kwa hiyo pasha chumba kwanza, bandika teipu kuzunguka, tandaza plastiki bila kuihangaikia mikunjo, halafu pitisha drayeri ya nywele taratibu bila kuigusisha, utaona inajivuta yenyewe mpaka inakaza kama ngozi ya ngoma. Ukibaki mvuke kati yake na kioo ujue kuna pembe haijashika, ibonyeze tena.

Jumamosi hii tunafunga kwa yule mama, ana madirisha sita na mgongo unamsumbua. Mwenye nafasi aje na drayeri yake, chai ipo.