Ujumbe wa uthibitisho haufiki? Huduma za kutuma barua pepe, kuanzia ya kununua hadi ya kukwepa

Mtu anajaza fomu ya jarida lako, anaambiwa aangalie barua pepe yake, anaangalia mpaka anachoka. Akikulalamikia, unakimbilia kubadilisha fomu. Mara nyingi fomu haina hatia: kazi yake iliisha ilipoukabidhi ujumbe kwa seva. Kinachofuata hapo ndicho kinachouzwa na huduma hizi.

Kabla ya kutoa pesa, fungua orodha yako ya wasomaji. Jina la mlalamikaji halimo kabisa? Basi ni fomu, na hakuna huduma ya kutuma itakayokusaidia. Limo, lakini limeandikwa kwamba linasubiri uthibitisho? Endelea kusoma. Limo na limeshakubaliwa bila ujumbe wowote? Uthibitisho umezimwa kwenye mipangilio. Uwashe, umemaliza bure.

Nimezipanga kwa swali moja tu: ujumbe ukipotea, huduma itakuonyesha umepotelea wapi? Kasi na violezo vya kupendeza nimeviweka kando. Anayejisifu kwa violezo huku logi zake (kumbukumbu za kilichoupata kila ujumbe) zimejificha, mimi simnunui.

1. Huduma maalumu ya jumbe za mtu mmojammoja

Hapa chaguo langu ni Postmark. Inatenganisha jumbe kama za uthibitisho na kubadili nywila na zile za matangazo kwa umma, kila kundi likipita njia yake, ili jarida lililolalamikiwa lisiuchafulie jina ujumbe wa msomaji mpya. Logi zake ndizo hasa unazozilipia: kila ujumbe unaonyesha ulipokelewa na seva ya upande wa pili saa ngapi, au ulikataliwa kwa maneno gani, na kwa kawaida kumbukumbu hizo hukaa siku 45. Fomu yako inabaki ileile. Kama tovuti yako ni ya WordPress, unaweka programu-jalizi ya SMTP (njia ya kukabidhi barua pepe kwa seva nyingine), kwa mfano FluentSMTP au WP Mail SMTP, unabandika funguo ulizopewa na Postmark, basi. Kero yake ni kwamba akaunti mpya hukaguliwa kwanza, na kabla ya kukubaliwa unaweza kutuma kwenye anwani za kikoa chako tu (kikoa ni jina la tovuti yako, lile linalokuja baada ya @).

2. Jukwaa la jarida lenye fomu yake

MailerLite, Brevo, Mailchimp na wenzao. Kama hutaki kusikia habari za seva, chukua mojawapo na uweke fomu yao badala ya yako, kwa sababu ukiunganisha fomu ya nje umeongeza kiungo kingine cha kukatika. Brevo hutoa jumbe 300 kwa siku bure, kiasi kinachotosha mwanzo. Nimeziweka nyuma ya Postmark kwa sababu nyingi zinakuonyesha hali ya msomaji kuliko safari ya ujumbe: utaona hajathibitisha, hutaona kwa nini.

3. Amazon SES

Kwa anayetuma kwa wingi, ni vigumu kupata ya bei nafuu zaidi. Lakini akaunti mpya huanzia kwenye eneo la majaribio: jumbe 200 kwa saa 24, tena kwenda kwa anwani ulizozithibitisha mwenyewe tu. Mtego wake ni huu: mwenye tovuti anajaribu kwa anwani yake, ambayo ameshaithibitisha, ujumbe unafika na anafurahi. Wageni wote hawapati kitu. Lazima uombe kutolewa humo, na ruhusa ni ya kila eneo la seva peke yake, kwa hiyo ukihamisha eneo unaomba upya. Logi za kueleweka nazo huzikuti tayari, unazijenga. Nunua ukiwa na fundi.

4. Akaunti ya Gmail kama seva ya kutuma

Inafaa kwa jarida dogo la marafiki. Akaunti ya kawaida ina kikomo cha jumbe 500 kwa siku, ya Workspace (Gmail ya kulipia ya ofisi) 2,000. Nywila yako ya kawaida haitakubaliwa: washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nywila ya programu.

5. Barua pepe inayokuja na hosti (kampuni inayohifadhi tovuti yako)

Huhitaji kuilipia, na ndiyo pengine iliyokuleta hapa. WordPress isipoelekezwa kwingine hutumia mail(), amri ya PHP (lugha iliyoandikiwa WordPress), ambayo hujibu "sawa" pindi seva ya hapohapo inapoupokea ujumbe. Kufika kwake hakumo kwenye jibu hilo. Juu ya hayo, anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) mnaitumia wengi, na jirani mmoja mtuma taka anawaponza nyote.

6. Seva yako mwenyewe

Poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua pepe, hufungwa na watoa seva wengi, IP mpya haina sifa yoyote, na rekodi ya PTR (inayoonyesha IP hiyo ni ya jina gani) ni lazima. Kama unataka uhuru, endesha listmonk, programu ya kusimamia jarida, kwa ajili ya orodha na uiache SES itume. Mchanganyiko huo naukubali.

Chochote utakachochagua, rekodi za DNS za kikoa chako (maelezo ya hadharani ambayo seva nyingine huyasoma) huwezi kuzinunua. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (sahihi ya kidijitali ya ujumbe), na anayetuma 5,000 au zaidi kwa siku awe nazo zote mbili pamoja na DMARC (agizo la nini kifanyike ujumbe ukishindwa ukaguzi). SPF iwe moja tu kwa kikoa. Watu huongeza ya pili kila wanapojiunga na huduma mpya, na mbili ni sawa na kutokuwa nayo. Kuisoma pia kusihitaji maulizo ya DNS zaidi ya 10. Na sehemu ya mtumaji iwe na anwani ya kikoa chako: Yahoo tangu 2014 imeagiza ujumbe unaojidai umetoka kwake bila kupita kwake ukataliwe.

Ukishalipa, weka kapcha (jaribio la kumtofautisha mtu na boti) kwenye fomu kwanza, maana boti hujaza anwani za watu wasiohusika, malalamiko yanarundikana na akaunti inaweza kusimamishwa. Halafu jaribu kwa anwani ambayo haijawahi kuingia kwenye mfumo huo. Anwani iliyowahi kukataa ujumbe huwekwa kwenye orodha ya kuzuiwa, na huduma haitatuma kwake tena hata kila kitu kikiwa sawa. Kwenye Gmail ongeza +jaribio kabla ya alama ya @, ujumbe utakuja kwenye sanduku lilelile. Ukifika, fungua chanzo chake na utafute neno PASS mbele ya SPF, DKIM na DMARC. Rudia kwa anwani ya Outlook na ya Yahoo kabla ya kughairi huduma ya zamani.