Kabla Hujanunua Spidomita, Soma Namba Iliyo Chini ya Mshale

Spidomita niliyonunua mwaka jana ilivutia macho: kioo safi, mshale mwekundu, taa ya bluu. Niliifunga mwenyewe kwenye pikipiki, nikatoka nayo barabarani, ikasoma kilomita 70 kwa saa. Upepo usoni haukuwa wa sabini. Nikawasha simu, GPS ikasema 50. Nilirudia kipande kilekile cha barabara mara tatu, majibu yakawa yaleyale.

Jioni niliimulika tochi, nikaona chini ya mshale maandishi madogo kama sisimizi: 1:1000. Ile ya zamani niliyoing'oa imeandikwa 1:1400. Maana yake ni kwamba pikipiki yangu huzungusha kebo (uzi wa chuma unaotoka gurudumuni hadi kwenye spidomita) mara 1,400 kwa kila kilomita, kama pikipiki nyingi za Kijapani (nyingine utakuta 2240, hesabu ileile kwa maili). Spidomita mpya ilitarajia mizunguko 1,000 tu, kwa hiyo ikawa inazidisha kila kitu kwa 1.4. Na si mwendo peke yake, hata kilomita zilizohesabiwa. Nimemwaga oili kila "3,000" wakati pikipiki ilikuwa haijafika hata 2,150. Oili ambayo bado ilikuwa nzuri!

Miongozo mingi huongelea kipenyo, rangi ya taa na mwonekano. Hayo unayaona mwenyewe. Namba hii ndiyo isiyotazamwa, na ndiyo inayoamua kama umenunua kipimo au pambo. Sasa nipange njia za kutengeneza au kubadilisha spidomita, kuanzia kile ambacho ningekitolea pesa kwanza.

1. Kebo. Mshale ukirukaruka au ukilala kwenye sifuri, usianze na spidomita. Fungua kebo upande wa juu, nyanyua gurudumu la mbele (pikipiki nyingi za zamani huchukua spidi hapo), lizungushe kwa mkono huku ukitazama uzi wa ndani. Ukizunguka vizuri, kebo ni nzima. Ukitulia, uchomoe: ama umekatika, ama ncha yake ya pembe nne imelika ikawa duara, ama tatizo liko kwenye gia ya habu (kitovu cha gurudumu). Kebo mpya ndiyo matengenezo ya bei ndogo kuliko yote haya. Ipake grisi kidogo, lakini acha sentimita 15 za juu zikiwa kavu, kwa sababu uzi ukizunguka hupandisha grisi hadi ndani ya spidomita na mshale unaanza kunata.

2. Nippon Seiki ya mtumba. Hapa napendelea na sifichi. Kampuni hii ya Nagaoka, Japani, ipo tangu 1946, na imetengenezea Honda na Yamaha vipimo vingi sana. Mara nyingi utakuta jina lake kwa herufi ndogo chini kabisa ya uso wa spidomita. Mtumba wake wenye mikwaruzo nauchukua mbele ya mpya isiyo na jina. Ukiipata, soma namba kwanza. Kisha ingiza kipande cha uzi wa kebo nyuma, kizungushe haraka kwa vidole: mshale utikisike na kurudi sifuri bila kukwama. Tazama kioo kwa ndani, ukungu ukiwepo ujue maji yameshaingia. Siku ya kuifunga, andika kilomita za ile ya zamani na za hii, ili siku ukiuza pikipiki usimdanganye mtu.

3. Kufungua na kukarabati. Ndani kuna sumaku inayozunguka karibu na kikombe cha alumini bila kukigusa, na springi nyembamba inayourudisha mshale. Ni wazo ambalo Mjerumani Otto Schulze alilisajili mwaka 1902. Kwa kuwa havigusani, kinachoharibika mara nyingi ni mafuta yaliyoganda, kutu, na vigia vya plastiki vya kuhesabu kilomita. Kazi ngumu ni pete ya bati iliyokunjwa kushika kioo. Inanyanyuliwa milimita kwa milimita, na ikipasuka maji yataingia kila mvua. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya hiyo pete tu.

4. Mpya za bei rahisi na za kidijitali. Ya mshale, usinunue bila kuona namba. Ya kidijitali ina nafuu moja: nyingi hukuruhusu kuingiza mzingo wa gurudumu. Basi.

Geji ya mafuta ina ugonjwa uleule. Boya linaloelea ndani ya tangi kwenye pikipiki nyingi za Kijapani huipa geji ukinzani mdogo wa umeme tangi likijaa, na kama omu 100 likiwa tupu. Za chapa ya VDO huenda kinyume: omu 10 tupu, 180 limejaa. Ukichanganya, geji inakuambia tangi limejaa wakati unasukuma pikipiki.

Sasa wauzaji. "Hii inaingia pikipiki zote." Ndiyo, kebo inaingia, nati inakaza, lakini kuingia si kusoma sawa! Namba haiandikwi kwenye boksi, boksi lina gundi, na ukishafunga wanakuambia kifaa kilichofungwa hakirudi. Utajuaje kabla ya kufunga? Niliyenunua kwake alinijibu hivyohivyo, pesa yangu ikakaa hapo. Sasa naomba picha ya uso wa spidomita kabla ya kulipa. Asiyetaka kuipiga, sinunui.

Kama ya zamani imefutika namba, pima mwenyewe. Chomoa kebo juu, bandika kipande cha utepe kwenye uzi kama bendera, weka alama ya chaki kwenye tairi, sukuma pikipiki hadi gurudumu lizunguke mara kumi huku mwenzako akihesabu bendera. Pima umbali chini, gawanya mizunguko ya bendera kwa mita, zidisha kwa 1,000. Yangu ilitoa mizunguko 26 kwa mita 18.5, yaani kama 1,405. Nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti.